Tulipokuwa Tunatengeneza Wenyewe

Biashara ya familia yetu leo ina maduka mawili makubwa jijini Dar es Salaam, yenye vioo mbele, viyoyozi ndani na taa zilizofichwa kwenye dari za jipsamu. Hakuna hata moja lenye vumbi la mbao. Mteja akiingia Jumamosi asubuhi anaweza kuondoka na kitanda, godoro, mapazia, zulia na kioo cha ukutani, na vyote vikafika kwake kabla ya adhuhuri. Marehemu Baba, aliyekuwa akimwambia kila mteja arudi baada ya wiki sita, angefurahi kuona hivyo. Kisha angeinama, apitishe kidole gumba chini ya meza, kule ambako macho ya mteja hayafiki, na hapo angenyamaza.

Watu hunipongeza kwa jinsi kazi ya wazee wetu ilivyopanuka. Nashukuru kwa moyo wote, maana kazi hiyo ilinisomesha. Lakini kila nikipongezwa nasikia kwamba kuna jambo halijasemwa, na umri nilionao sasa unanidai niliseme.

Tulianzia Keko, upande wa Temeke, si mbali na Chang'ombe. Keko wakati huo, kama ilivyo hata leo, ilikuwa ndiyo Keko ya samani: mabanda ya mabati kando ya barabara, vitanda visivyopakwa vanishi vimesimamishwa wima, kabati zinasubiri milango, na sauti ya nyundo tangu alfajiri. Baba alijifunzia useremala Tabora kwa mjomba wake, akaja Dar es Salaam kwa treni ya reli ya kati na sanduku la vifaa: misumeno, randa, patasi, kipimapembe na jiwe la kunolea. Banda letu lilikuwa na meza moja ya kazi. Upande wa nyuma, penye kivuli, palikuwa na mbao zilizopangwa mpaka usawa wa kifua cha mtu mzima, na sisi watoto tulikatazwa kuzikalia.

Mbao hizo zilikuwa mninga. Mtoto wa Tabora hawezi kuzungumzia mti mwingine kwa mapenzi yale. Ukiukata mninga unatoa utomvu mwekundu unaofanana kabisa na damu. Mbao yake ikishakauka haijikunji wala haitanuki sana, hata masika iwe kali namna gani, na mchwa hauupendi. Ndiyo maana kitanda cha mninga kinarithiwa. Ila mti huo hauna haraka: unachukua zaidi ya miaka 70 porini kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Baba alilijua hilo, na lilimfanya awe mgumu kuharibu hata kipande. Mabaki ya vitanda yalikuwa miguu ya stuli, mabaki ya stuli yakawa vishikio vya droo, na kilichobaki baada ya hapo Mama alikipikia.

Kanuni yake ya kukausha ilikuwa ya mafundi wote wa zamani: inchi moja ya unene, mwaka mmoja wa kusubiri. Mbao zilipofika, zilipangwa na vijiti vyembamba katikati ili upepo upite, na mwaka ukaandikwa kwa chaki kwenye ncha. Mteja akija kulalamika, "Fundi, kitanda changu vipi?" Baba alimjibu kwa adabu, "Mama yangu, mbao haijakubali." Kulikuwa na walioondoka wamekasirika wakaenda banda la jirani. Wengi wao walirudi, droo zimegoma kufunguka mvua zilipoanza.

Miaka ya mwanzo wa themanini kila kitu kilikuwa cha kutafuta. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, na nchi ilikuwa imechoka. Skrubu, msasa, bawaba, gundi, hata misumari, vyote vilipatikana kwa kujuana au kwa kibali. Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa mdogo, kwa nini Baba aliamini viungo vya ulimi na tundu kuliko msumari: ulimi wa mbao ukichongwa sawasawa na kuingizwa kwenye tundu lake, unashika bila kuomba kitu dukani. Misumari iliyopinda tuliinyoosha juu ya jiwe, ikatumika tena. Sipendi kuipamba njaa ile, watu waliteseka. Lakini viungo vile vilizaliwa humo, na makochi yaliyofungwa miaka hiyo ninayakuta mpaka leo katika nyumba za watu Ilala na Magomeni, yakiwa yamesimama imara.

Upande wa mapambo ulikuwa wa Mama. Alianza na cherehani ya kukanyaga, akishona foronya za mito ya makochi ambayo Baba alitengeneza fremu zake. Wakati ule kochi lilikuwa fremu ya mbao na mito ya kuondoa, na nyumba yoyote iliyojiheshimu ilitandika juu ya mgongo wa kochi vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono. Kisha wateja wakamwomba mapazia. Kitambaa kilitoka Urafiki au Mwatex, kikapitia Kampuni ya Biashara ya Mkoa, na mara nyingi kilikwisha kabla ya kutufikia. Mama akachukua marekani nyeupe, akaifunga mafundo, akaipaka nta, akaitia rangi mwenyewe, na mapazia yake ya batiki yakaanza kuulizwa mpaka Upanga.

Nilimfuata mara nyingi alipokwenda kupima madirisha. Hakutoa tepu kwanza. Alipiga hodi, akasalimia wazee wa nyumba, akakaa, akanywa maji aliyopewa. Halafu aliuliza, "Jua linaingia wapi asubuhi? Na jioni linatokea upande gani?" Baada ya hapo aliuliza nani analala chumba kipi, nani anasoma usiku, bibi anapenda kukaa wapi. Upana wa kitambaa ulipaswa kuwa mara mbili ya upana wa dirisha ili marinda yakae vizuri. Kitambaa kikiwa haba alipunguza marinda ya sebuleni kuliko ya chumba cha wagonjwa au wazee. Aliacha nafasi chini ya pazia ili upepo wa bahari uingie. Nyumba za Dar es Salaam zinahitaji upepo kuliko zinavyohitaji urembo, na Mama aliupata urembo kwa kuutii upepo. Sijaona shule iliyomfundisha mtu mapambo ya ndani vizuri zaidi ya hapo.

Baba Mdogo ndiye aliyekuwa fundi wa kuvalisha. Kabla sponji haijawa ya kawaida alijaza viti kwa usumba wa nazi, akifunga springi kwa kamba ya katani, kila moja kwa jirani zake, mpaka kiti kizima kikawa kinasukuma kwa pamoja. Mkononi alikuwa na sindano ndefu iliyopinda na midomoni misumari midogo. Kochi alilolivalisha lilirudi karakana baada ya miaka mingi, si kwa kuvunjika, bali kwa kubadilishwa nguo. Tulikuwa na daftari la hesabu lenye jalada gumu, na ndani yake unaweza kusoma maisha ya mji: karani wa bandari aliyeanza na kitanda cha futi nne, akaja kuchukua cha tano kwa sita alipooa, kisha meza ya kulia, kisha dawati la mtoto aliyefaulu kwenda sekondari. Walilipa kidogo kidogo. Waliochelewa walijulikana, na waliofiwa walisamehewa.

Lazima niseme na upande mwingine. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, na Baba Mdogo alikohoa miaka yake ya mwisho yote. Vijana walikatwa vidole. Wanafunzi wa kazi walifagia karibu mwaka mzima kabla ya kushika randa, na malipo yao yalikuwa chakula na nauli. Wasichana wa familia tulipelekwa kwenye cherehani bila kuulizwa, na patasi hatukuruhusiwa kuigusa. Usumba ulichoma migongo ya watu wakati wa joto; sponji ilipokuja, watu walipumua. Ninayoyalilia hapa ni machache na ninayafahamu kwa majina.

Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na Mzee Mwinyi alipoingia madarakani mwaka uliofuata, maduka yalijaa upesi. Tulipata plaiwudi, fonika, bawaba za kung'aa, vitambaa vya jakadi. Baba alinunua mashine ya kukereza na msumeno wa meza, akavuta umeme wa fezi tatu. Miaka ya tisini watu walijenga Sinza, Tabata, Kimara, Mbezi, na hawakutaka tena kitanda kimoja kimoja. Walitaka nyumba nzima: makochi, kabati za jikoni, mapazia ya tabaka mbili, meza za kulia za watu wanane. Tulipewa kazi za nyumba za wageni na za ofisi. Kaka alifungua duka la kwanza lenye kioo mbele, barabara kubwa, mbali na makelele ya karakana, na samani zikawa zinafika pale zimekwisha kung'arishwa. Ilikuwa mara ya kwanza mteja kununua kwetu bila kumwona aliyetengeneza. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo. Tulifurahi.

Mbao nazo zilibadilika. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, barabara ya kusini, iliyokuwa ikikatika kila masika, ilipitika, na malori ya mbao kutoka Rufiji na Kilwa yalimiminika mjini. Kwa muda mbao zilikuwa rahisi ajabu. Zilikuja mbichi, nyembamba, za miti ambayo Baba alisema haijafikia umri wa kukatwa. Zikauzwa zikiwa hivyo hivyo, kwa sababu kulikuwa na mnunuzi anayengoja. Mwaka wa chaki kwenye ncha ya mbao haukuandikwa tena. Kisha Serikali ikabana uvunaji, na mninga ulipopatikana tena ulikuwa umepanda bei mpaka mwalimu wa shule hawezi kuugusa.

Ukame wa mwaka 2006 uliposhusha maji ya bwawa la Mtera, mgawo wa umeme ulisimamisha mashine zetu mchana kutwa. Jenereta ilikula faida yote. Katika miaka hiyohiyo kaka alikuwa ameanza kusafiri, kwanza Dubai, halafu Guangzhou, na kutoka hapo wenzake wakamwonyesha njia ya Foshan, kwenye soko la Lecong, ambako maduka ya samani yanapangana kwa kilomita kadhaa kando ya barabara. Alirudi na hesabu kwenye karatasi. Sofa iliyokamilika, ukijumlisha nauli ya meli na ushuru wa bandarini, ilikaribiana na gharama yetu ya mbao na kitambaa peke yake, kabla hujamlipa fundi.

Kontena la kwanza la futi 40 liliposhushwa, Baba aliomba sofa moja igeuzwe juu chini. Akachana kitambaa chepesi cha chini kwa kisu, akamulika kwa tochi. Ndani kulikuwa na mbao laini, vipande vya chipbodi na pini za kufungia kwa mashine. Hakudharau. Alisema, "Imefungwa vizuri. Ila haikutengenezwa ili ifunguliwe."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Kila kitu kilichotoka mikononi mwa Baba kilitengenezwa ili kifunguliwe siku moja: kochi livuliwe nguo, mguu utolewe na kurudishiwa, droo isuguliwe upya. Alijua kwamba mteja atarudi, na kwamba huenda atakayempokea ni mjukuu wake. Kwa hiyo alifunga kila kiungo akimfikiria mtu atakayekifungua. Tunachouza sasa kikichanika kinatupwa, na mteja akirudi anarudi kununua kingine. Kwa hesabu za duka, hiyo ni faida. Ndiyo iliyojenga duka la pili.

Familia ilikaa kikao sebuleni kwa Baba, kwenye makochi yake. Kaka alieleza mambo yote kwa heshima: umeme, mbao, mishahara, ada za watoto wetu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akakubali. Mashine ziliuzwa moja moja. Eneo la karakana likawa ghala. Mafundi wengine walifungua mabanda yao hapo hapo Keko, wengine wakaacha kazi kabisa. Alibaki mmoja, ambaye sisi sote tunamwita Mjomba ingawa hatuna naye undugu wa damu. Mtu aliyeweza kukereza miguu minne ya meza kwa jicho tu, ikalingana, leo anaunganisha kabati zinazokuja kwenye maboksi kwa ule ufunguo mdogo uliopinda unaofungwa pamoja nazo. Anaifanya kazi hiyo kwa uangalifu uleule. Ninapopita ghalani namwamkia, naye hunipokea "Marahaba, mwanangu," na huniuliza habari za Mama.

Upande wa mapambo umetoka mikononi mwetu kwa njia yake. Wateja vijana, wazuri, wenye kazi nzuri, wananionyesha picha kwenye simu: sebule ya kijivu, mapazia mazito ya mahameli kutoka darini mpaka sakafuni, sofa la rangi ya maziwa. Picha hiyo ni ya nchi ambayo watu wake wanalisubiri jua miezi mingi. Wao wanakaa Kigamboni au Goba, dirisha limeelekea magharibi. Nikiuliza jua linaingia wapi, wanashangaa kidogo, maana hawakutarajia swali hilo kutoka dukani. Wengine hukaa tukazungumza, na nyumba zao hutoka na upepo ndani yake. Wengi hawana muda. Wanaziba dirisha kwa mahameli, kisha wanaongeza kiyoyozi, kisha wanalalamikia bili ya umeme. Nimeingia nyumba nyingi zinazofanana mpaka kioo cha dhahabu cha mlangoni, na sikuweza kujua kama mwenye nyumba ni Mhaya, Mdigo au Mngoni, mvuvi au mhasibu. Zamani Mama alikuwa akijua kabla ya kukaribishwa kiti.

Mwaka 2022 nchi za Afrika Mashariki zilipopandisha ushuru wa samani zinazotoka nje kufikia asilimia 35, mtoto wa kaka alileta wazo ambalo lilinifanya nitabasamu: tutengeneze wenyewe. Ana akili ya biashara, na wazo lilikuwa sahihi. Tulikaa na Mjomba tukahesabu tulichonacho. Eneo lipo. Mtaji unakopeka. Wateja wapo. Kilichokosekana ni watu. Mjomba macho yake hayaoni tena mstari wa penseli. Wale wavulana wa zamani wana mabanda yao na hawawezi kuyaacha. Tuliagiza fremu za sofa kutoka kwa mafundi wa Keko, na ufundi wao ulikuwa mzuri, lakini mbao zilikuwa mbichi, na baada ya miezi michache viungo vikalegea. Nilipomuuliza mmoja kwa nini hakuzikausha, alinijibu bila ubishi, "Dada, pesa ya kuacha mbao ikae mwaka mzima, nitaitoa wapi?" Ni kweli. Baba aliweza kusubiri kwa sababu mteja wake alisubiri. Fundi wa leo anashindana na kontena ambalo tayari liko bandarini, na sisi ndio tuliolileta.

Siku hizi vijana wa chuo cha VETA cha Chang'ombe huja dukani na barua wakiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Wamejifunza useremala, wana vyeti, wanataka mahali pa kushika kazi yenyewe chini ya mtu mzima. Wanaona jina la familia yetu kwenye kibao wanadhani bado tunatengeneza. Nawaelekeza mabandani. Mwaka huu nimemwomba kaka turudishe sehemu ndogo ya ghala iwe karakana ya kutengeneza upya makochi ya zamani tu, Mjomba akae kwenye kiti na kufundisha kwa mdomo wakati bado ana sauti, na vijana wawili watatu washike patasi. Kwa hesabu haitalipa miaka ya mwanzo. Kaka hajakubali, hajakataa.

Wakati tunangoja jibu lake, nina ombi kwako msomaji. Kama kwenu kuna makochi ya mninga ya wazazi, yamechanika kitambaa na yamesukumwa stoo, usimpe dalali wa vitu vilivyotumika kwa bei ya kuni. Yageuze juu chini, uitikise miguu. Kama viungo vimeshika, mbao hiyo bado ina maisha marefu. Yapeleke Keko au kwa fundi wa mtaani kwako, lipia sponji mpya na kitambaa unachokipenda, na umuulize fundi kama kuna kijana anayemfundisha. Akiwa naye, omba kijana huyo ndiye ayavue na kuyavalisha, fundi akiwa amesimama pembeni yake.